Sahani Hairudi Tupu

Nyuma ya Sokomuhogo, pale kichochoro kinapopinda ghafla kama mtu aliyekumbuka kuwa kaacha jiko linawaka, ipo baraza ya mawe ambayo watu wa mtaa huapa kuwa ilijengwa kwanza, nyumba ikaja kuegemezwa baadaye. Nyumba yenyewe ni ya Darwesh, na kuta zake ni nene hivi kwamba ukitoa salamu uani asubuhi, hufika mlangoni imeshakuwa ya jioni. Kila siku kabla ya adhuhuri Mcha muuza kahawa hulitua hapo dele lake la shaba, akagonganisha vikombe, na wenyewe wakaja mmoja mmoja kama paka waliosikia kisu kwenye ubao wa samaki. Lakini Jumamosi hii tunayoisimulia hapana aliyekuja kwa ajili ya kahawa tu. Walikuja kumwokoa mtu.

Mtu mwenyewe alikuwa Darwesh, na alikuwa hataki kuokolewa mpaka amalize kujisifu.

— Dunia nzima hii, — alikuwa akisema, miguu yake mirefu imeziba nusu ya njia, — wamekaa watu na suti zao, wametandaza ramani, wakaulizana: tukitaka kujua wanaadamu wanatazama nini kwenye intaneti, tukampime nani? Kidole kikatembea, kikatembea, kikatua hapa. Si Dar. Si Nairobi. Kwa Darwesh!

— Kilitua au kiliteleza? — aliuliza Abdulrazak.

Huyu Abdulrazak alikuwa mshika kibendera wa pembeni katika viwanja vyote vya Unguja, na mpaka leo akisikia neno asilolikubali mkono wake hunyanyuka wenyewe. Kwa hivyo jina lake la barazani ni Ofsaidi, na hapo mkono ulikuwa ushafika juu.

— Kilitua, bwana! Tena kwa kishindo. Teremsha mkono wako. Na msidhani kile kidude kinapima tu kikanyamaza. Kinasikilizwa! Mnamkumbuka yule kachero wa Kituruki mwenye masharubu? Ijumaa moja nlikula biriani, usingizi ukanichukua katikati ya mchezo. Kidude kikapeleka habari: Darwesh kasinzia. Wale kule wakaulizana, kachoshwa na nani huyu mzee? Kachoshwa na kachero. Wiki ya pili yake, kachero kapigwa risasi.

— Lahaula! — alisema Machano. — Umemuua wewe.

— Mie sikumuua. Nlisinzia tu.

Machano ni mtu wa Makunduchi aliyezeekea mjini, fundi wa mafeni na televisheni. Wanamwita Shoti, kwa sababu ndivyo kazi zake zinavyomalizika.

Kidude walichokuwa wakikizungumza ni kibokisi cheusi, ukubwa wa mche mdogo wa sabuni, chenye taa moja ya kijani. Kampuni moja ya utafiti ilikileta na kukichomeka kwenye ruta, ile mashine ya kugawa intaneti. Hakina jicho wala sikio. Kazi yake ni kujua nyumba inafungua huduma gani za filamu mtandaoni, za Wahindi au za Waturuki, za mpira au za katuni, na inakaa humo muda gani. Wakubwa wa kampuni huzikusanya nyumba chache walizozichagua, wakapata picha ya mji mzima. Na kwa kuwa mwenye nyumba kakubali kupimwa, intaneti yote inakuwa juu yao, bila kikomo.

Sasa shida ilianzia kwenye sahani.

Mkewe Darwesh, Bi Thuwaiba, alikwenda Maskati kumlea binti yao aliyejifungua. Mtoto akatambaa, akasimama, na kila Bi Thuwaiba akifunga sanduku arudi Unguja, binti huanza kutapika tena. Darwesh kapika mwenyewe mara moja. Chai iliungua. Ndipo Bi Ghaliya wa ghorofa ya pili, dirisha la mkabala, alipomteremshia sahani ya wali katika kikapu cha kamba. Wa nyumba ya nyuma wakaleta bakuli. Wa pembeni wakaleta sinia. Mtu aliyelelewa harudishi sahani ya jirani tupu, hutia kitu ndani yake, walau ndimu mbili. Darwesh akatazama jikoni: ndimu hana, na sukari imeshahamiwa na sisimizi. Akachana kikaratasi, akaandika neno la siri la intaneti, akakilaza katikati ya sahani iliyooshwa ikang'aa.

Haukupita muda, kichochoro kizima kikawa kinatazama kwake, naye anakula kwao, na hapana aliyemwonea mwenzake haya. Hapo ndipo walipomwita Mnara, kwa urefu wake na kwa intaneti yake. Ujumbe wa kwanza wa onyo ulipokuja kwenye simu, ukisema "wifi yako inatumiwa na watu wengi mno", Darwesh hakuuelewa. Akautuma Maskati kwa mkewe, maana mwenye wifi ni yeye. Bi Thuwaiba hakusema na dada yake Darwesh mpaka Idi.

Onyo la pili lilikuja jana, kwa sauti ya mtu.

— Kwani wamesema nini hasa? — aliuliza Shoti.

— Wamesema nyumba yangu inatazama kuliko hoteli. Dakika moja hiyo hiyo ina katuni, ina mieleka, ina mapishi, ina harusi ya Kihindi na ina mawaidha. Binti wa kampuni akaniuliza: mzee, wewe unalala saa ngapi?

— Ukamjibu?

— Nikamwambia mie nnalala, macho ndiyo hayalali. Akasema basi anakuja leo kuyatazama hayo macho. Wakiona nyumba haieleweki, wanachomoa kidude chao na intaneti yao.

Hapo sauti ya Darwesh ilipungua kidogo, akajifanya anapuliza kahawa. Jambo lililomkosesha raha hakulisema barazani, wala asingelisema. Intaneti kwa nafsi yake haikuwa kitu, angeweza kuishi bila masharubu ya Waturuki. Lakini kesho kikapu kitateremka kama kawaida, atakula, ataosha, na ataweka nini? Sahani ya Bi Ghaliya ikirudi tupu siku moja, itakayokuja siku ya pili itakuwa sadaka. Babu yake alikuwa na mikarafuu mpaka jicho linachoka. Mashamba yalikwenda na wakati, na yeye hakuyalilia. Kula alikuwa anakula chochote. Sadaka ndiyo isiyompita kooni.

— Mie siamini hizo habari za waya, — alisema Shoti, ambaye akiona mtu kanyamaza humpa nadharia. — Nnazijua mashine. Kile kidude kinanusa. Mtu akitazama mapenzi, jasho lake ni jengine. Akitazama mpira, jengine. Kidude kimenusa majasho manane kwa pamoja kikachanganyikiwa.

— Ofsaidi! — mkono juu. — Hapana jasho hapo. Ile ni kama ya marudio ya video uwanjani. Huko Ulaya pana chumba kina ukuta mzima wa taa, kila nyumba na balbu yake. Balbu ya Mnara imewaka mpaka imepasuka, vigae vimemuingia refa machoni. Ndio maana wamekasirika.

— Nyie hamjui kitu, — alisema Mcha, akimjazia Darwesh kikombe. — Mie napita na dele hili vichochoro vyote, kuta nnazijua. Kuta hizi ni za nini?

— Za mawe.

— Mawe gani?

— Ya matumbawe.

— Ehe! Na tumbawe baharini ni kitu gani? Ni kiumbe. Linakula, linalala. Sasa ukuta wa Mnara una matumbawe mangapi? Kidude kimetiwa humo ndani, kinahesabu wanaotazama. Kimehesabu ukuta!

Hata Ofsaidi mkono haukunyanyuka.

— Kwa hivyo anayetazama harusi za Kihindi ni ukuta, — alisema Darwesh taratibu, akiionja ladha yake.

— Ukuta wa jikoni. Wa sebuleni unapenda mieleka.

— Yule binti hatokubali.

— Basi mwambie kweli, — alisema Ofsaidi. — Mficha uchi hazai.

— Mie nshazaa. Niache nifiche.

— Tusibishane, — alisema Shoti. — Wahenga walishasema, penye wengi hapaharibiki neno. Na neno lako la siri lina wengi. Mwambie hii yote ni familia! Ofsaidi kaka yako. Mcha mkweo. Mie mwanao.

— Mwanangu? Wewe umenipita ndevu nyeupe!

— Nimezeeka mapema kwa malezi yako.

— Nyie wanaume! — ilishuka sauti kutoka juu, na wote wanne wakainua vichwa. Bi Ghaliya alikuwa ameegemeza mikono dirishani, shungi limekaa upande. — Mnapanga uongo kwa sauti mpaka unapanda ghorofa mbili. Huyo mgeni akiwa bado yuko Darajani kule, ameshausikia.

— Bi Ghaliya, sabalkheri, — alisema Darwesh.

— Sabalkheri yako iweke. Leo Nuray wa mchezo wangu wa Kituruki anarudi kwa mama mkwe. Siku zote hizi kafukuzwa, wifi mtu kamsingizia wizi wa kidani, mume yuko safarini hajui kitu, na leo mtoto wa watu kasimama mlangoni na mvua inampiga. Nimepika mapema kwa ajili yake. Ukianguka mnara leo, Darwesh, mimi na wewe tutaonana kiyama.

— Hauanguki, Bi Ghaliya. Mie nipo.

— Ndilo linalonitia hofu. Mchana wako ni wali na borohoa, na changu wa kukaanga. Nateremsha sasa hivi.

Kichwa kikaingia ndani. Darwesh akabaki anautazama mlango wake mwenyewe. Alikuwa na jawabu la kila kitu tangu utotoni. Skuli aliiacha mapema kwa sababu, kwa maneno yake, walimu walikuwa wanamuuliza mambo wasiyoyajua. Leo alikuwa akilitafuta jawabu moja tu na halionekani.

— Assalamu alaykum. Shikamooni wazee wangu.

— Waalaykumu ssalam. Marahaba.

Alikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, buibui safi, kitambulisho kifuani, mkoba begani na simu pana mkononi. Akasimama pale kichochoro kinapopinda, akingoja aambiwe karibu.

— Karibu, mwanangu, — alisema Darwesh. — Wewe ndiye wa kidude?

— Ndiye mimi. Naitwa Yusra.

— Mtoto wa nani?

Yusra alikuwa amefungua mdomo aanze kazi, ikabidi aufunge aanze nasaba.

— Wa Ismail, wa Kikwajuni.

— Ismail gani? — Ofsaidi aliruka. — Yule mshambuliaji? Mwenye mguu wa kushoto?

— Huyo huyo.

— Babaako nlimnyanyulia kibendera mie! Goli lake la fainali, ofsaidi wazi kabisa!

— Mpaka leo anasema haikuwa ofsaidi, — alisema Yusra, na tabasamu lake likapungua. — Kila Idi anasema. Anachora kwa vijiko mezani.

Darwesh alimtazama Ofsaidi kwa jicho la mtu aliyefungwa goli na mchezaji wake mwenyewe.

— Mpe kahawa, Mcha, — alisema. — Mpe ya kwanza kwanza.

Yusra akapokea kikombe kwa mkono wa kulia, akashukuru, akakaa kwenye ncha ya baraza ya mkabala. Akaifungua simu yake.

— Mzee Darwesh, mie sikuja kugombana. Kidude chenu hakina kosa, nimekikagua kwa mbali. Takwimu ndizo hazikai. Nyumba hii tumeiandika mtu mmoja. Mtu mmoja hawezi kutazama vitu vitano kwa pamoja. Kwa hivyo nauliza tu: humu anaishi nani?

— Mie kaka yake! — alisema Ofsaidi.

— Mie mwanawe, — alisema Shoti, na kwa bahati mbaya akaikuna ile ndevu.

— Mie mkwe, — alisema Mcha.

— Mkwe kwa binti yupi? — aliuliza Yusra.

Mcha alimtazama Darwesh. Darwesh alitazama juu.

— Yule wa... anayetapika, — alisema Mcha.

Yusra hakucheka, akakiinua kikombe kikamfunika mdomo. Alikuwa amelelewa, na mbele yake walikuwa watu wazima.

— Wazee wangu, sikilizeni. Kwenye kazi yetu haijalishi nani kamzaa nani. Sisi tunapima kaya. Na kaya ni watu wanaokula chungu kimoja. Hiyo tu.

Uso wa Darwesh ukawaka. Kwa nini hawakusema mapema? Neno lenyewe limekuja na mlango wake wazi!

— Basi kwisha habari! — alisema, akasimama urefu wake wote. — Andika. Kichochoro hichi chote sisi tunakula pamoja. Nnakula kwa Bi Ghaliya hapo juu, nnakula kwa wa nyuma, nnakula kwa wa pembeni. Hao wote ndio kaya yangu. Andika, mwanangu, usiogope, wengi sana.

— Vizuri, — alisema Yusra, na akaandika kweli. Kisha akainua macho. Hakukuwa na hila katika macho hayo. — Chungu chenyewe kiko wapi?



Shoti alitazama kikombe chake. Ofsaidi mkono wake ulinyanyuka nusu ukasahau ulikuwa unakwenda wapi. Darwesh alitazama dirisha la Bi Ghaliya, akatazama upande wa nyuma, akatazama upande wa pembeni, kama mtu anayetafuta mwezi wa Idi na kila pembe ya mbingu ina wingu lake.

— Kipo, — alisema mwishowe. — Kipo... kipo vipande vipande.

— Kimevunjika?

— Hakikuvunjika. Kila kipande kinapikiwa pahala pake.

Yusra aliomba aonyeshwe jiko. Wakaingia wote, mlango mkubwa ukaachwa wazi kwa heshima ya binti, wakapita ukumbini wakatokea uani. Jikoni kwa Darwesh palikuwa pasafi kuliko msikiti, maana hapana kilichopikwa. Masufuria ya Bi Thuwaiba yamefunikwa ukutani kwa kitambaa cheupe. Na juu ya jiko la mkaa, pale pahala pa chungu, palikuwa na ruta, na ubavuni mwake kile kidude, taa yake ya kijani ikipepesa.

— Nani aliyeweka hapa? — aliuliza Yusra.

— Mie, — alisema Shoti. — Ndipo katikati ya nyumba. Panagawa kote sawasawa. Tena hapavuji.

Yusra alilitazama lile jiko kwa muda. Akamtazama Darwesh, na sauti yake ikashuka.

— Mzee wangu, nimekufahamu. Wallahi nimekufahamu. Lakini nikiandika mtu mmoja, nasema uongo. Nikiandika wote, hapana pa kuwaandika. Simu hii inaniuliza chungu kimoja, mie nina vitatu, vinne, na kila kimoja kina nyumba yake. Kidude nakichukua kwa leo. Nitawaeleza ofisini. Wakikubali, nitakirudisha mwenyewe kwa mikono yangu.

— Na wasipokubali?

— Sijui.

Darwesh alipenda ile sijui. Angalau haikuwa na maji ndani. Akainamisha kichwa mara moja, kama mtu anayetoa ruhusa katika nyumba yake mwenyewe, na Yusra akachomoa kidude pamoja na waya wa intaneti yao. Taa ya kijani ikazimika, na baada yake zile za ruta, moja moja.

Hawajafika mlangoni, kelele zikaanza. Kwanza mtoto wa nyumba ya nyuma, aliyekatiwa katuni. Kisha mtu wa pembeni akamlaani mtu asiyejulikana. Kisha juu yao wote, kutoka ghorofa ya pili, ikaja sauti ya Bi Ghaliya:

— Darweeesh! Imekata! Mama mtu kashika kitasa, na imekata! Kafungua au hakufungua?

Kikapu kilikuwa kimeshateremka. Kilining'inia usawa wa kifua cha Darwesh, kikizunguka taratibu kwenye kamba yake, na ndani sahani mbili: kubwa ya kwake, wali na borohoa na changu mzima, na ndogo pembeni, kipande cha samaki kilichofunikwa kwa bakuli. Mgeni kaonekana kutoka dirishani, na mgeni haondoki hivi hivi.

Darwesh hakuigusa. Hii ndiyo, alijisemea. Hii ndiyo ya kwanza.

— Kipandishe, Bi Ghaliya, — alisema, na sauti haikutoka kama ya Mnara. — Allah akulipe kheri. Leo sina njaa.

— Nani aliyekuuliza njaa? — alifoka Bi Ghaliya. — Nimekuuliza mlango! Mtoto wa watu yuko mvuani na wewe unaniletea habari za tumbo lako! Kafungua au hakufungua?

Darwesh akafunua kinywa kusema hajui. Na hilo, kwa mtu kama yeye, lilikuwa neno gumu kupita yote ya siku hiyo. Lilifika kwenye ulimi, likageuka, likarudi lilikotoka. Badala yake likaja jengine.

— Aliufungua, — alisema. — Lakini si mara moja.

— Eh?

— Hakuufungua mara moja, — alirudia Darwesh, na sasa sauti ilikuwa inarudi, inapanda ukuta ghorofa kwa ghorofa. — Yule mama ana kiburi, humjui? Kakishika kitasa, kakiacha. Kakishika tena. Nje mvua, wacha mvua! Mifereji inapiga kelele kama harusi. Nuray kasimama, maji yanamtoka kwenye pindo la nguo, kakumbatia kibegi chake. Hagongi. Kashagonga mara tatu, na mwenye adabu hagongi zaidi ya mara tatu.

— Maskini! — ilisema sauti kutoka dirisha la nyuma. Dirisha hilo lilikuwa halijafunguka tangu lipakwe rangi.

— Basi mama mtu kakusanya matusi ndani ya kifua, tele, kayapanga kama vyombo kabatini. Kayatengeneza tangu siku ya kidani. Akafungua mlango, mfunuo wa paka kupita. Akamtazama yule binti kuanzia kichwani mpaka viatuni. Akavuta pumzi ili amwage.

Darwesh alikisogelea kikapu. Akautoa mkono, akaichukua ile sahani kikapuni, akakaa nayo barazani pake. Akamega samaki. Akatafuna. Kichochoro kizima kikatafuna naye.

— Wee Darwesh! — Bi Ghaliya karibu atoke dirishani. — Kamwaga nini?

— Kamwambia: "Umekula?"

Palipita kitu pale kichochoroni, si upepo. Bi Ghaliya akaushika mdomo wake kwa upindo wa shungi.

— Na Nuray akasema, "Nshakula, mama." Sasa nyie, nani hapa asiyeijua "nshakula" ya mtu mwenye njaa? Ina sauti yake. Hata mama mtu anaijua. Akaupanua mlango.

— Ofsaidi! — alisema Ofsaidi, mkono juu. — Na kidani je? Kesi ya kidani haijaamuliwa!

— Teremsha mkono! — walimpigia kelele madirisha matatu kwa pamoja.

— Kidani kinakuja, — alisema Darwesh. — Kiko chini ya mtungi, na aliyekiweka huko anashuka ngazi hivi sasa. Msinikimbize.

Shoti alikuwa amekaa chini kwenye jiwe, kinywa wazi. Mcha alikuwa akimimina kahawa bila kutazama, na Yusra alikuwa bado amesimama mlangoni, mkoba wenye kidude begani, sahani ndogo mikononi mwake, samaki hajamgusa. Aliinama karibu na sikio la Darwesh, akasema kwa sauti ya chini ili asimwaibishe mtu mzima:

— Mzee, hii mie nshaiona yote. Mlango haukufunguliwa.

Darwesh hakugeuka. Alikuwa anaokota punje ya mwisho ya wali ukingoni mwa sahani, ile sahani ambayo punde ataiosha na kuirudisha kikapuni.

— Hiyo uliyoiona wewe ni ya kaya nyengine, mwanangu, — alisema. — Ya kaya yetu ndiyo hii.

Mcha akaliinamisha dele, akalitikisa. Halikutoa hata tone. Hapana aliyenyoosha kikombe, na hapana aliyesimama. Yusra akausogeza mkoba nyuma, akakaa, akamega samaki wake.

— Halafu? — aliuliza.